Siti binti Saad: mfinyanzi wa Fumba aliyekataa kubaki alipowekwa

Kila tunapopiga taarab ya zamani katika kipindi cha usiku, simu ya studio hujaa ujumbe. Wazee huulizia jina la mwimbaji. Vijana huuliza kama ile mikwaruzo inayosikika ni redio zao zimeharibika au ndivyo wimbo wenyewe ulivyo. Hivi karibuni uliingia ujumbe wa namna nyingine.

Ulitoka kwa msichana ambaye hatutalitaja jina lake wala kijiji chake. Anaandika kwamba anaimba harusini na watu humpenda, lakini kaka zake wamemwambia anaitia aibu familia. Shangazi yake naye amemwambia kwamba kwao ni watu wa jembe, na mtu wa jembe hashiki kipaza sauti. Anatuuliza aache au aendelee.

Hatuwezi kumwambia ndiyo au hapana, kwa sababu mambo ya nyumba ya mtu yana wenyewe. Tunachoweza ni kumsimulia maisha ya mwanamke ambaye wimbo wake ndio tuliokuwa tukiupiga usiku ule. Naye alitoka shamba, naye aliambiwa si mahali pake. Leo ni zaidi ya miaka sabini tangu afariki dunia, na bado tunampiga redioni.

Jina alilopewa

Alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, upande wa Tabora, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua, upande wa Tanga. Walikuwa watu wa hali ya chini, wanaoishi kwa kilimo na kazi za mikono.

Mtoto akapewa jina la Mtumwa.

Kwa masikio ya leo jina hilo linashtua. Lakini tukumbuke wakati wenyewe. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, ila kumiliki mtumwa kulikuwa bado halali kisheria. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, wakati binti huyu ni kijana wa kama miaka kumi na saba. Hata baada ya amri ile, aliyetaka uhuru wake ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba.

Kwa hiyo alikua katika nchi ambayo mtu alijulikana daraja lake kabla hajafungua mdomo. Alijulikana kwa jina, kwa asili ya wazazi wake, na kwa nguo. Mtumwa na mtu wa hali ya chini walivaa kitambaa cha bei ndogo, hasa kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi. Kuvaa viatu na kufunika kichwa zilikuwa dalili za watu waungwana. Mtu akikutana nawe njiani aliweza kukupima kwa jicho moja na kujua akusalimie vipi.

Tunalisema hili mapema kwa sababu watu wengi hudhani Siti alipambana na watu wabaya wachache waliomwonea wivu. Wivu ulikuwepo, lakini jambo lilikuwa kubwa zaidi. Nchi nzima ilikuwa imepangwa kila mtu na ngazi yake, na ngazi aliyowekwa yeye ilikuwa ya chini kabisa. Waliokuwa wakimwambia akae pale hawakuwa wote maadui. Wengine walikuwa jamaa zake, waliomwonea huruma asije akaadhirika.

Vyungu kichwani

Hakusoma shule wala hakupata nafasi ya chuo cha Kurani alipokuwa mdogo. Alichofundishwa ni kazi ya mikono ya wanawake wa kwao: kulima, na kufinyanga vyungu.

Wanaoijua kazi ya ufinyanzi wanajua si kazi ya mchezo. Udongo unachimbwa, unachambuliwa mawe, unakandwa, unafinyangwa, unaachwa ukauke kivulini, kisha unachomwa. Chungu kikipata ufa kidogo tu motoni, kazi yote imekwenda bure. Na ukimaliza, unakitwika kichwani na kutembea kwenda kutafuta mnunuzi.

Hapo ndipo sauti ilipoanza kazi. Binti yule alikuwa akitembeza vyungu kutoka kijiji hadi kijiji na kufika mpaka mjini, na njiani aliimba kuita wateja. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilitangulia mbele yake. Watu walimsikia kabla hawajamwona, na akina mama wakatoka nje wakijua mwenye vyungu anakuja.

Kuimba kule hakukumsumbua mtu yeyote, kwa sababu mwanamke wa shamba anayeimba akiuza vyungu alikuwa yuko pale pale alipowekwa. Wanaume walimsikia, barabara zilimsikia, na hakuna aliyesema ni aibu. Maneno yalianza siku alipotaka kuimba ameketi, mbele ya watu waliokuja kumsikiliza yeye. Sauti ni ile ile, isipokuwa sasa aliacha kuitumia kuuza chungu.

Kaka na shangazi wa yule msichana wetu huenda hawakuwahi kumkataza kuimba akichota maji. Hilo tunamwachia alitafakari mwenyewe.

Mjini, mwaka 1911

Mwaka 1911 aliondoka shamba akahamia mjini. Kwa hesabu ya kukadiria alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja hivi. Wanaodhani kwamba aliyechelewa kuanza amekwisha na wakumbuke umri huo.

Mji wa Zanzibar wa wakati ule ulikuwa na sehemu mbili. Mji Mkongwe ulikuwa na majumba ya mawe, kasri la Sultani, maduka makubwa na ofisi za Waingereza, ambao walikuwa wameifanya Zanzibar nchi iliyo chini ya ulinzi wao tangu mwaka 1890. Ng'ambo ya pili ya hori kulikuwa na mtaa wa Ng'ambo, wenye nyumba za udongo na makuti. Huko waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, wapishi, na wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Siti alifikia katika ulimwengu huo wa Ng'ambo.

Taarab ilikuwepo mjini, lakini haikuwa yake. Muziki ule uliletwa na kulelewa na kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma kijana aitwaye Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, naye aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Nadi Ikhwani Safaa. Waliopiga na kuimba walikuwa wanaume, na lugha yao ilikuwa Kiarabu. Kwa mwanamke asiyejua kusoma, aliyezaliwa na jina la Mtumwa, mlango ule ulikuwa na kufuli tatu: ya jinsia, ya ukoo na ya lugha.

Hakusimama mlangoni kulalamika. Alikwenda kujifunza. Wanamuziki wa mjini waliosikia sauti yake wakakubali kumfundisha, naye akajifunza kwa sikio, kwa kuwa kuandika hakujui. Alijifunza kwenda na ala, kushusha na kupandisha sauti, kuvuta pumzi, na kuitamka lugha ya Kiarabu sawasawa. Alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti, na ikawa moja ya sifa zake.

Akapata wenzake. Miongoni mwao walikuwepo Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban. Wote walikuwa wanaume wa kawaida, si watoto wa wafalme, waliokuwa tayari kukaa nyuma ya mwanamke na kumpigia. Na hao nao walisemwa. Tukimsifu Siti tusiwasahau, maana mtu anayejiamini bado anahitaji watu wawili watatu wa kumwamini.

Ndipo alipoitwa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi, mwanamke wa heshima. Mtumwa akawa Siti. Jina jipya halikumpa sauti, sauti alikuwa nayo tangu Fumba. Lakini lilimwambia kila aliyemwita kwamba ngazi ile ya zamani ameiacha.

Lugha ya nyumbani

Siti aliweza kuimba Kiarabu, na aliimba. Angetaka kukubalika upesi kwa wakubwa, hiyo ndiyo njia iliyokuwa wazi: kuwaiga waliotangulia, kufanya kama wao, kuwafurahisha. Yeye pamoja na kikundi chake wakafanya jambo lililoonekana la hatari. Waliipeleka taarab kwenye Kiswahili.

Leo tukisikia neno taarab tunafikiria Kiswahili moja kwa moja, kwa hiyo ni vigumu kuona ukubwa wa hatua ile. Wakati huo Kiarabu ndicho kilichohesabiwa kuwa lugha ya usomi, ya kasri na ya muziki wa heshima. Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya jikoni, ya bandarini. Kumwimbia tajiri kwa Kiswahili kulikuwa kama kumwandalia mgeni muhogo siku ya harusi.

Lakini Kiswahili ndicho kilichokuwa na watu. Mchukuzi alipomsikia Siti alielewa kila neno. Mwanamke aliyekuwa akipika nyuma ya jumba la harusi alielewa kila neno. Na punde, hata waungwana waliokuwa wakijivunia Kiarabu wakaona kwamba nao wanacheka, wanalia na kutunza pesa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha waliyonyonya.

Siti akawa anaalikwa kila upande. Aliimba kwenye harusi za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, aliimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, na akirudi Ng'ambo aliimba nyumbani kwake kwa majirani. Nyumba yake jioni ilikuwa mahali pa watu kukutana. Walikaa, wakazungumza habari za mjini, nani kafanya nini, nani kadhulumiwa, na mazungumzo yale yakazaa nyimbo.

Wimbo wa kumshusha

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. La Siti lilipoanza kwenda joshi, wapo walioshindwa kuvumilia.

Walianza na uso wake. Wakasema si mzuri. Wakaingia kwenye ukoo wake: hana kwao pa kutaja. Wakamalizia na alikotoka. Wakatunga wimbo wa kumkejeli, ukaimbwa mjini, wa kumkumbusha mavazi ya shamba aliyokuja nayo, na kwamba bila sauti asingekuwa mtu wa kutajwa.

Wimbo ule ulikuwa na nguvu kwa sababu ulisema mambo ya kweli. Ni kweli alitoka shamba, na ni kweli alivaa kaniki. Dharau huuma zaidi inapobebwa na ukweli, kwa maana huwezi kuikana. Hapo wengi wetu huvunjika. Tungeficha tulikotoka, tungewakana wazazi, tungejitungia ukoo mwingine.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakudai kuwa mzuri wa uso wala hakujibunia nasaba. Kwa maana yake, wimbo wake ulisema kwamba sura na ukoo si hoja, na kwamba hasara kubwa ya mtu ni kukosa akili. Aliuchukua ule mzani waliompimia, akauweka kando, akaleta mwingine. Jibu lake likaimbwa mjini kuliko matusi yenyewe.

Huku kwetu mtu anayetaka kutoka kijijini huambiwa kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Siti hakukataa kwao. Kwao alikubeba katika lugha aliyoiimba na katika watu aliowaimba. Alichokataa ni ile hukumu kwamba aliyetoka Fumba na vyungu kichwani lazima afe na vyungu kichwani.

Bombay, mwaka 1928

Wakati huo gramafoni zilikuwa zimeshafika Zanzibar, pamoja na santuri za nyimbo za Misri na za India. Za Kiswahili ndizo zilizokuwa hazipo. Kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ikaamua kujaribu, ikamchukua Siti na wenzake.

Mwaka 1928 wakapanda meli kwenda Bombay, India, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Tufikirie safari hiyo. Mwanamke wa karibu miaka arobaini na minane, asiyejua kusoma wala kuandika, anavuka Bahari ya Hindi kwenda kuimbia mashine. Bila shaka wapo waliosema anakwenda kupotea.

Kurekodi wakati ule hakukuwa kama leo, ambapo mtu hurudia mstari mara ishirini na fundi akakata na kuunganisha. Wimbo uliimbwa mara moja toka mwanzo hadi mwisho, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Taarab inayoimbwa harusini huweza kwenda muda mrefu, mwimbaji akarudia beti kadiri watu wanavyotunza. Sasa ilibidi ikunjwe iingie katika dakika tatu, ala zote ziwe sawa, na asikosee mtu. Miaka kumi na saba ya mazoezi, tangu alipoingia mjini, ndiyo iliyomfaa pale.

Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri. Kati ya mwaka 1928 na 1930, yeye na wenzake walirekodi santuri zaidi ya 150. Wanahistoria wa muziki hutaja kwamba kufikia mwaka 1931 santuri za Kiswahili zilizouzwa Afrika Mashariki zilikuwa zimefika kama 72,000. Soko ambalo kampuni hazikuliona lilikuwepo siku zote, likisubiri kuimbiwa kwa lugha yake.

Kwetu sisi watu wa redio jambo hili lina uzito wake. Kituo cha redio cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951. Kabla ya hapo, mtu wa bara aliyetaka kusikia mwimbaji wa mbali alitegemea santuri. Palipokuwa na gramafoni moja, iwe dukani au nyumbani kwa mwenye uwezo, watu walikusanyika. Waliomsikia Siti hawakuuona uso wake, hawakuujua ukoo wake, hawakuona nguo yake. Yale yote yaliyotumika kumshusha mjini hayakuingia kwenye santuri. Ilibaki sauti na maneno.

Nyimbo zilizouma

Mtu akishapata jina hujaribiwa upya, safari hii na wanaompenda. Huambiwa: sasa umefika, tulia, imba mapenzi, sifu wenye nyumba, usiguse mambo ya watu. Siti aliimba mapenzi sana. Lakini hakuacha kuimba yale yaliyokuwa yakizungumzwa barazani kwake.

Wimbo wake mmoja unaojulikana hadi leo unaitwa Kijiti. Unasimulia mkasa wa mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Aliyefanya unyama huo akavuka bahari akaponyoka. Wanawake waliofika mahakamani kueleza waliyoyajua ndio waliofungwa. Maneno haya watu waliyanong'ona mitaani, wakaogopa kuyasema mbele ya hakimu. Siti akayaimba, yakatiwa kwenye santuri, yakasafiri mbali kuliko mkosaji alivyokimbia.

Aliimba pia kuhusu waume wanaowapiga wake zao, na kuhusu wakubwa wanaowadhulumu wasiojua kusoma. Kumbuka kwamba yeye mwenyewe hakujua kusoma. Hakuwa na gazeti, wala kiti katika baraza la serikali ambamo wanawake wa aina yake hawakuingia. Alikuwa na wimbo, na wimbo ulifika nyumba ya hakimu na nyumba ya mchukuzi usiku mmoja.

Alichokishika na alichokiacha

Tukimsimulia Siti, wasikilizaji vijana hutuuliza: kama alikuwa jasiri hivyo, mbona aliimba akiwa amevaa buibui, uso umefunikwa?

Ni swali zuri. Siti hakuwa mtu wa kuvunja kila kitu. Alikuwa Mwislamu aliyeishika dini yake, akavaa kwa sitara, akawaheshimu wakubwa, akasalimia kwa adabu ya Kizanzibari. Tena buibui lile lilikuwa na maana yake. Katika nchi ambamo mwanamke wa asili ya utumwa hakuruhusiwa kujifunika kama muungwana, binti aliyeitwa Mtumwa kukaa mbele ya matajiri akiwa amejisitiri kikamilifu kulikuwa tamko. Alikuwa anasema kwamba heshima hii nayo ni yangu.

Kwa hiyo tusimfanye Siti kuwa mtu wa kukataa kwa ajili ya kukataa. Alichagua. Mila aliyoiona ina utu ndani yake aliishika kwa mikono miwili. Ile iliyomwambia kwamba hawezi kuwa mtu, aliiacha ipite. Si kila neno la jamaa ni kamba ya kukufunga, na si kila neno la jamaa ni hekima. Kazi ngumu ni kuyatenganisha, na hakuna wa kukufanyia kazi hiyo.

Waliomfuata

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa kama miaka sabini. Muda mfupi kabla ya kifo chake alikutana na Shaaban Robert, mwandishi na mshairi wa Tanga, ambaye alimsikiliza na kuandika maisha yake katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Basi mwanamke asiyejua kuandika jina lake akaandikiwa kitabu na mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake.

Alipokuwa akiimba mjini, kulikuwa na msichana mdogo aliyekuwa akimsikiliza na kuzishika nyimbo zake. Msichana huyo ni Fatuma binti Baraka, tunayemjua kwa jina la Bi Kidude. Naye aliimba nyimbo za Siti, lakini hakuimba kama Siti. Alilivua buibui, akaimba uso wazi, miguu chini, kwa sauti nzito yake mwenyewe, akapiga ngoma na kuwafundisha wari. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX, na aliendelea kuimba uzeeni mpaka karibu na kifo chake mwaka 2013. Mwanafunzi hakuwa nakala ya mwalimu, na hilo Siti angelielewa.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotafuta jina la jarida lake kililiita Sauti ya Siti.

Kwa mwenye ujumbe ule

Sasa turudi kwako, binti yetu uliyetuandikia. Hatukushauri ugombane na kaka zako, wala usipande basi usiku ukaenda mjini bila mwenyeji. Siti alipokwenda mjini alikuwa mtu mzima, na alipofika alitafuta walimu kabla hajatafuta jukwaa.

Tunakushauri ujifunze. Ukiimba harusini, imba vizuri kuliko jana. Tafuta mtu anayejua zaidi yako akurekebishe, awe mwalimu wa kwaya, wa kaswida, au bibi wa jirani anayezikumbuka nyimbo za unyago. Tafuta wenzako wawili watatu waaminifu. Shika adabu ambayo mwenyewe unaiamini, ili watakaokusema wakose pa kushika. Na siku wakikutajia jembe la kwenu, usilikane. Liimbe.

Nasi tunawaomba kaka zako, na wewe shangazi kama unatusoma. Mlipokuwa mkimsikia akiimba akitwanga, hamkuona aibu. Mwiteni jioni moja akae, aimbe, nanyi mmsikilize hadi mwisho kabla hamjaamua.